Binti Akivunja Ungo, Somo Yake Yuko Wapi?

Ramadhani iliyopita nilikwenda kukaa siku chache kwa dadangu, Kibokoni. Usiku wa daku binti yake wa miaka 13 aliamka pamoja nasi, akala wali na mchuzi wa papa uliobaki, akanywa maji, akasukutua kabla ya adhana. Mchana, baada ya adhuhuri, niliingia stoo kutafuta sufuria kubwa ya uji. Nikamkuta amechuchumaa nyuma ya mtungi wa gesi, mlango ameurudishia, anakula kitumbua cha jana. Alikuwa akitafuna polepole, huku masikio yameelekea ukumbini.

Sikuhitaji kuambiwa. Mwanamke aliye hedhini hafungi. Siku zake atazilipa baadaye, na hilo kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani analijua.

"Mamako hajui?" nikamuuliza.

"Ajua."

"Basi mbona wajificha?"

Akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio. "Khalati, wakiniona nala, kila mtu atajua."

Huyo kila mtu ni nani? Nyumba ile ina baba yake, kaka zake wawili, na nyanya yake ambaye ndiye aliyemfundisha kujitwaharisha. Hakuna hata mmoja ambaye angemkemea. Dini iko upande wake, mamake yuko upande wake. Hata hivyo siku tano mfululizo mtoto yule aliamka usiku kula daku asilolihitaji, kisha akashinda mchana akiviziavizia jikoni kama mwizi katika nyumba ya baba yake. Maneno yale hayajanitoka tangu siku hiyo. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa akiimba kaswida mbele ya msikiti mzima wakati wa maulidi, sauti haitetemeki. Ndani ya miezi michache tu alikuwa amekwisha kuamini kwamba mwili wake ni habari mbaya ambayo haifai kuwafikia watu.

Siku hizi tukizungumzia wasichana na kujithamini, mazungumzo hukimbilia kwenye simu. TikTok imewaharibu, picha zimewaharibu, wamejifunza kujilinganisha. Simu ina sehemu yake, nami sitaitetea. Lakini tatizo hili ni la zamani kuliko simu. Mwaka 1999, kabla simu za kamera hazijaingia mifukoni mwa watoto, watafiti wa Marekani walizikusanya tafiti nyingi zilizohusisha takriban watu 97,000, wakalinganisha jinsi wanaume na wanawake wanavyojithamini. Tofauti kwa jumla ilikuwa ndogo, lakini katika umri wa miaka 15 hadi 18 ndipo ilipokuwa pana kuliko umri mwingine wowote, na wasichana ndio waliokuwa chini. Kwa hiyo simu ilimkuta binti amekwisha kurudi nyuma. Swali langu ni nani aliyemrudisha.

Nitalijibu kwa ninayoyaona humu mjini Mombasa, maana ndimo nilimozaliwa na ndimo ninamolea.

Jirani mmoja wa Tudor alinisimulia habari yake na bintiye. Tangu akiwa mdogo, kila Jumapili jioni alikuwa akimchukua hadi Mama Ngina kutazama meli zikiingia Kilindini. Alimbeba mabegani, akamnunulia mhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, wakahesabu makontena. Mtoto alipofika miaka 12, mkewe alimnong'oneza usiku mmoja kwamba mwanawe ashakuwa. Jumapili iliyofuata akaenda na mwanawe wa kiume peke yake. Nilipomuuliza kwa nini, alinyamaza kidogo, akasema aliona haya, na alidhani hayo ndiyo mambo ya heshima. Hakugombana na mtoto wala hakumpiga, aliacha tu. Miaka mitatu baadaye, katika ugomvi wa jambo jingine kabisa, binti alimrushia swali ambalo mpaka leo linamuuma: "Nilikukosea nini, baba?"

Nimewauliza kina baba wengi, nao husimulia karibu kisa hicho hicho. Baba hurudi nyuma kwa adabu, na mtoto wa kike huisoma adabu ile kama hukumu. Hakuna aliyemwambia kwamba kosa si lake. Kinachomfikia ni ukimya, na mtoto akiachiwa ukimya aufasiri mwenyewe, huufasiri dhidi yake. Sisemi baba amkumbatie bintiye wa miaka 14 kama alivyomkumbatia wa miaka 4. Haya ina mahali pake. Nasema Jumapili za Mama Ngina hazikuwa na haja ya kufa. Mhogo haujui nani amebaleghe.

Pamoja na baba huondoka mchezo. Pita Ngomeni jioni maji yakijaa uwaone wavulana wa Mji wa Kale wanavyojirusha kutoka ukutani hadi baharini, mmoja baada ya mwingine, wakipigiana makofi. Dada zao wamesimama juu na mabuibui yao, wanashika viatu. Wengi wao walikuwa wakicheza kati na kuruka kamba mpaka darasa la tano au la sita, na wengine walikuwa wepesi kuliko kaka zao. Kisha wakaambiwa wewe sasa ni mkubwa. Hili si la Mombasa pekee: Shirika la Afya Duniani lilipokusanya takwimu za mwaka 2016 za vijana wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146, lilikuta asilimia 85 ya wasichana hawafanyi mazoezi ya kutosha, wavulana wakiwa asilimia 78. Lakini mimi hapa sizungumzii mapafu wala unene. Mtoto anayejua kuogelea anajua kwamba mwili wake unaweza kitu. Ukimwondoa majini, mwili unabaki kuwa kitu cha kutazamwa tu, na atakayebaki na kazi ya kuutazama na kuutolea hukumu ni yeye mwenyewe mbele ya kioo, na watu wengine wote.

Basi mtoto huyu amepungukiwa na baba na mchezo kwa wakati mmoja, na mahali pa vyote viwili pamejazwa na "usi". Usikae hivyo. Usicheke kwa sauti. Usipite pale. Usimjibu mkubwa. Kila moja ina sababu yake, na baadhi ya sababu hizo ni za kweli, kwa kuwa mji huu una wanaume wanaowatazama watoto kwa macho mabaya na sisi kina mama tunawajua. Ila mtoto hapewi sababu. Hupewa amri zenye woga ndani yake, na akili yake hufanya hesabu: ikiwa kila ninachofanya ni hatari, basi hatari ni mimi.

Kisha yaja maneno ya mwili, na hapa ndipo sisi wanawake tunapotenda dhambi kubwa zaidi. Mombasa ni mji wa rangi zote; katika nyumba moja utamkuta mtoto mweupe na mweusi wa tumbo moja. Miaka miwili iliyopita nilikuwa kwenye kupamba kwa jamaa zetu. Binti mmoja wa miaka 12 au 13 alipita na sinia la visheti, amevaa gauni lake jipya la kijani, na jasimini kichwani. Mwanamke mmoja, wala si mwovu, ni mtu mkarimu kupindukia, akamshika kidevu mbele ya watu akasema: "Huyu naye weusi huu kautoa wapi, mamake alivyo mweupe pe?" Tulicheka. Nami nilicheka, nasema hili kwa kuwa nalijutia. Binti pia alicheka, akaendelea kugawa visheti.

Kicheko cha mtoto mbele ya watu wazima hakithibitishi kwamba hakuumia. Afanye nini zaidi ya kucheka? Baadaye mamake aliniambia kwamba kabla mwezi haujaisha alimkuta na kikopo cha krimu cha kichochoroni, kisicho na jina la kiwanda wala orodha ya kilichomo. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya, na kuna sababu: zebaki huharibu figo, na krimu zenye dawa kali za steroidi hula ngozi mpaka mishipa ionekane. Lakini mkorogo unauzwa, na utaendelea kuuzwa maadamu kuna watoto wanaotoka arusini wakiwa wamebeba swali kama lile. Nyanya zetu walikuwa na liwa na singo, na ngozi ilisuguliwa ili ing'ae vile ilivyo. Sisi tumebaki na sherehe, tukaacha roho yake.

Unene nao vivyo hivyo. "Umekuwa pipa." "Umekonda, unaumwa?" Twasema hivyo kama salamu. Mtu mzima huyabeba maneno hayo kwa urahisi kwa sababu mwili wake ameshauzoea. Mtoto aliye katika balehe hana mwili mmoja wa kuzoea. Nyonga zimepanuka tangu Idi iliyopita, chunusi zimetoka wiki hii, kifua kimoja kimetangulia kingine. Anajua kila kitu kimebadilika kabla wewe hujasema. Anachosubiri kwako ni kujua kama ni sawa.

Mama mwenye huruma hujibu haya yote kwa sifa. Wewe ni mzuri, wewe ni mrembo kuliko wote, wewe una akili za ajabu. Nami nimewahi kufanya hivyo, na nikashangaa kwa nini hazishiki. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio moja ambalo lilinifungua macho. Waliwapa watoto mchoro wa maua ya Van Gogh wauige, kisha kila mtoto akapokea barua iliyosemwa imetoka kwa mchoraji stadi. Wengine waliambiwa mchoro wao ni mzuri, wengine waliambiwa ni mzuri ajabu, na wengine hawakusifiwa. Halafu wakapewa nafasi ya kuchagua wachore nini tena, rahisi au kigumu. Watoto waliokuwa wakijiona duni, waliposifiwa kupita kiasi, walichagua rahisi. Ukiambiwa umefikia ajabu, unaogopa kushuka kutoka hapo. Sifa kubwa kwa mtoto asiyejiamini ni deni, naye anajua hana cha kulilipia.

Basi kama si sifa, ni nini? Jibu langu limo katika neno ambalo watu wa mwambao walikuwa nalo na tukaliacha lichakae.

Somo. Katika Kiswahili neno hili lina maana kadhaa. Ni funzo la darasani. Ni mtu mnayeshirikiana jina naye, ukikutana naye Marikiti utamwita "somo!" na mtacheka. Na kwa mtoto wa kike somo ni yule mwanamke aliyekabidhiwa siku alipovunja ungo, amfundishe mambo ya utu uzima, amfiche siri, asimame naye mpaka arusini. Huyu hakuwa mama. Hilo ndilo jambo la kulitia akilini. Wanawake waliotutangulia, ambao hakuna aliyewahi kuwaonyesha kitabu cha saikolojia, walijua kwamba msichana wa umri ule anahitaji mwanamke mzima asiye mama yake.

Leo tumebaki na methali moja tu vinywani: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Twaitumia kumtisha mama na kumlaumu binti yakiharibika. Lakini methali nyingine ya wazee hao hao yasema mkono mmoja haulei mwana, na hii ya pili ndiyo waliyoijengea taratibu. Mama ana mapenzi, ila pia ana woga, ana jina la nyumba la kulinda, ana mume na wifi wa kujibu. Binti analijua hilo. Ananyamaza mara nyingi si kwa kuwa hampendi mamake, bali kwa kuwa anampenda na hataki kumtia presha. Akiwa na jambo zito, mama ndiye mtu wa mwisho anayeweza kumwambia bila ya kumvunja. Somo hakuwa na mzigo huo.

Sitaki kuipamba mila kupita ukweli wake. Mafunzo ya somo yalikuja kuelekea karibu yote kwa mume: jinsi ya kumtuliza, jinsi ya kumvumilia, jinsi ya kunyamaza. Msichana alifundishwa mwili wake kama amana ya mtu mwingine atakayekuja. Na pale mji ulipobadilika, watu wakahama, watoto wakaenda mabweni, tukakiacha kile cha thamani, yaani urafiki wa miaka na mikaka, tukakibakiza kile cha arusi. Sasa somo huitwa juma moja kabla ya ndoa, analipwa, anafundisha, anaondoka. Amefika miaka 10 baada ya kuhitajika.

Mimi somo yangu hakuitwa somo. Nilikulia Majengo, na jioni nilikuwa nikikaa kibarazani kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai. Sote tulimwita Mama Karai. Kazi yangu mwanzoni ilikuwa kumenya viazi vilivyochemshwa, vingali moto, na kuvichovya kwenye unga uliokorogwa na manjano. Vidole vyangu vilikuwa vya njano mwaka mzima. Nilipofika miaka 12 akanipa mkebe wa maziwa uliokuwa na pesa za mauzo, akaniambia kuanzia leo hesabu ni yako.

Usiku wa tatu hesabu ilipungua shilingi 30. Nililia. Nilikuwa na hakika atadhani nimechukua. Yeye alikuwa akichuja mafuta, hakugeuka hata. "Hesabu tena," akasema, "kisha uniambie wewe waonaje."

Wewe waonaje. Nyumbani niliulizwa nimekula, nimeswali, nimesoma, nimekuwa wapi. Sikumbuki kabla ya usiku ule mtu mzima kuniuliza mimi naonaje. Nikahesabu mara tatu, nikakaa kufikiri, nikakumbuka fundi mmoja wa baiskeli aliyechukua sahani mbili za mkopo watu walipokuwa wengi. Nikamwambia. Kesho yake akanunua daftari la kuandika wanaodaiwa, akanikabidhi pamoja na kalamu. Hakunisifu. Katika miaka yote ile sikumbuki hata siku moja kuniambia mimi ni mzuri au nina akili. Aliniamini na pesa zake, na pesa zenyewe ndizo alizolishia watoto wake, kwa hiyo nilijua imani ile si maneno.

Yeye ndiye aliyenieleza hedhi, mikono yake ikiwa na unga mpaka kwenye viwiko, kwa sauti ile ile aliyoitumia kueleza kwa nini kiazi kikichemka sana hupasuka karaini. Akaniambia miezi ya mwanzo damu huenda ikaja na kupotea bila mpangilio na nisiogope. Nilipofika miaka 13, mwenye duka mmoja wa mtaa alianza kunipa peremende za bure na kunishika mkono nikipokea chenji. Sikumwambia mamangu. Mamangu angelia, babangu angekwenda na panga, au mbaya zaidi wangenikataza kutoka nje, na adhabu ingekuwa yangu. Nilimwambia Mama Karai. Hakupiga kelele. Akaniuliza swali lake lile, nikasema nataka aache, lakini sitaki watu wajue. Jioni hiyo tulikwenda wote dukani. Akanunua kiberiti. Akamtazama yule mtu machoni, mbele ya wateja, akasema, "Huyu ni mwanangu, umfahamu." Hakuongeza neno. Mwenye duka hakunigusa tena.

Nimekaa sana na kisa hiki kwa sababu kila ninachosoma sasa kuhusu afya ya hisia za vijana chanirudisha kibarazani pale. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2022 kuhusu vijana wa miaka 10 hadi 17 nchini Kenya ulikuta asilimia 44 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na mmoja katika kila wanane alikuwa amefikia kiwango cha kuhesabiwa kuwa na ugonjwa wenyewe. Hatutapata madaktari wa akili wa kutosha watoto wote hao, na wengi wao hawahitaji daktari. Wahitaji mtu. Kuna mpango wa Kikenya uitwao Shamiri ambao ulijaribiwa kwa zaidi ya wanafunzi 400 wa shule za upili waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Wakakutana kwa vikundi, saa moja kwa wiki, wiki nne. Waliowaongoza hawakuwa wataalamu. Walikuwa vijana waliomaliza shule ya upili majuzi tu, waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu: dalili zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Na Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 kina nyanya wamefundishwa kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye huzuni, na jaribio la kitabibu la mwaka 2016 likaonyesha kwamba yafaa. Nyanya kwenye benchi! Sisi tulikuwa nao, kwenye vibaraza.

Shule zetu nazo haziwezi kuachwa nje. Tangu 2023 watoto wa gredi ya saba hadi ya tisa wamebakia katika majengo ya shule za msingi, kwa hiyo umri ule wa kuvunja ungo unapitiwa katika uwanja mmoja na watoto wa miaka sita, mara nyingi kwa vyoo vile vile. Serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ikarekebishwa ili kila msichana wa shule ya umma aliyebaleghe apewe pedi bure za kutosha, pamoja na mahali salama pa kuzitupa. Ni sheria nzuri. Ila pedi ikigawiwa kwa kuitwa majina mbele ya darasa, umemkausha damu na kumlowesha aibu. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 36, inakataza kumdhalilisha mwanafunzi kimwili na kisaikolojia, na hilo la pili ndilo tunalolisahau: mwalimu anayemwambia msichana mbele ya wavulana kwamba "kifua kimekuzidi akili" ameivunja sheria sawasawa na aliyeshika fimbo. Mwalimu wa ushauri nasaha, katika shule nyingi ninazozijua, ndiye pia anayefundisha vipindi vyote vya siku na kusimamia nidhamu. Mtoto hawezi kumfungulia moyo jioni mtu aliyemwadhibu asubuhi. Nafasi hizo mbili zitenganishwe, hata kama itabidi mama mmoja mstaafu wa mtaani aombwe aje Alhamisi mchana akae chini ya mwarobaini.

Najua kina mama wanaosoma hapa wana hofu moja, nayo ni ya haki. Nimpe mwanangu kwa mtu, naye je akimpotosha? Au akawa yeye ndiye mwenye madhara? Ndiyo maana nasema achaguliwe na mama na binti pamoja, mapema, mtoto akiwa na miaka 9 au 10, kabla mambo hayajawa mazito. Awe mwanamke mnayemjua kwa mwenendo wake na si kwa maneno yake. Haidhuru awe Mswahili, Mgiriama, Mkamba au mtu wa kanisani kwenu Mikindani; neno ni letu wa mwambao lakini makabila mengi yaliyomo Mombasa yalikuwa na mwanamke kama huyo kwa jina lao. Na makubaliano yasemwe waziwazi mbele ya mtoto: utakalomwambia halitanifikia, isipokuwa maisha yako yawe hatarini au mtu awe anakudhuru. Mtoto akiujua mpaka huo, siri hugeuka kuwa ulinzi. Somo naye ajue kikomo chake. Msichana asiyelala wiki nzima, aliyeacha kula, anayejikata, anayesema heri asingezaliwa, huyo amevuka uwezo wa kibaraza. Apelekwe hospitali, na usiku wa manane, kwa mtoto aliye hatarini au mkubwa mwenye hofu juu yake, simu ya 116 hupigwa bure nchini Kenya.

Kuhusu kina baba nitasema moja tu. Yule jirani wa Tudor alirudi Mama Ngina na bintiye, sasa wa miaka 15. Aliniambia mara ya kwanza hawakusemezana njia nzima. Mara ya pili alimuuliza jina la meli.

Na yule wetu wa Kibokoni. Baada ya Idi nilizungumza na dadangu, naye kwanza alikasirika, akaniuliza kama nataka kumfundisha kulea. Ilichukua muda. Mwishowe wao wawili walimchagua mshonaji mmoja wa mabuibui, hatua chache kutoka nyumbani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye dadangu amemjua tangu akiwa mtoto. Jumamosi binti huenda pale baada ya chuo. Amepewa kazi ya kupima na kukata pindo, kitambaa cha watu, cha pesa, na akikosea hulipa kwa jasho lake. Wiki iliyopita alirudi magharibi imekwisha kuadhiniwa, amechelewa, macho yake mekundu kidogo, lakini ametulia. Alisalimu, akavua viatu, akaenda kutawadha.

Dadangu hakumuuliza walizungumza nini. Aliniambia kwa simu usiku ule kwamba aliuma ulimi mpaka ukamuuma kweli.